Kutenga Muda wa Neno na Sala Kila Siku: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Ratiba Iliyobana

Mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja huanza tarehe 1 Januari, na kwa wengi hufia mahali pamoja: Mambo ya Walawi. Ukipiga hesabu utaona sababu. Mwanzo ina sura 50, Kutoka ina 40. Anayesoma sura tatu kwa siku anamaliza vitabu hivyo viwili tarehe 30 Januari, na asubuhi ya tarehe 31 anakutana na sadaka za kuteketezwa, mafuta ya figo na damu ya kunyunyizwa madhabahuni. Wakati huohuo shule zimefunguliwa, ada zinadaiwa, foleni za asubuhi zimerudi. Ule utepe wa Biblia hubaki Walawi hadi Desemba.

Walawi hana kosa. Mpango ule uliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye saa nzima ya utulivu kila asubuhi, na wewe si mtu huyo. Una daladala ya kuwahi, una watoto wa kuandaa, labda una zamu ya usiku. Mwongozo huu unakuchukua hivyo hivyo ulivyo, na unashikilia jambo moja kuliko mengine yote: asubuhi si wakati wa kuamua. Saa, mahali na kifungu viamuliwe jana yake. Anayeamka na kujiuliza "leo nisome wapi?" ameshapoteza asubuhi hiyo kabla hajapiga mswaki.

1. Andika siku tatu kama zilivyo

Kabla ya kujiahidi chochote, chukua karatasi uandike siku zako tatu: moja ya kazi, Jumamosi na Jumapili. Andika ulichofanya, usiandike ulichotamani kufanya. Saa kumi na moja na nusu kuamka, kumi na mbili kasorobo kuchemsha chai, kumi na mbili na robo kituoni, na kuendelea mpaka kulala. Simu nayo iandikwe. Simu nyingi siku hizi zinaonyesha kwenye mipangilio yake umetumia muda gani kwenye kila programu; fungua uangalie, hata kama namba itakuudhi.

Kisha tafuta mambo yanayotokea kila siku bila wewe kuyapangia: kusubiri maji ya kuoga yachemke, kukaa kwenye gari, robo saa unayofika kazini kabla ya wenzako, dakika zile watoto wameshalala na nyumba imetulia. Hayo tuyaite misumari, kwa sababu ndiyo utakayotundikia muda wako. Kila msumari uupime kwa maswali matatu. Je, unatokea angalau siku tano kwa wiki? Macho au masikio yangu yako huru wakati huo? Nani anaweza kunikatiza, na je, naweza kumwomba asinikatize?

Wengi wakishamaliza zoezi hili hukuta misumari mitatu au minne. Chagua mmoja tu. Anayeanza na mitatu kwa pamoja huwa ameiacha yote ndani ya wiki mbili.

2. Alfajiri au wakati mwingine?

Wakristo wa Afrika Mashariki tumelelewa na alfajiri. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulieneza desturi ya kukaa peke yako na Biblia kabla ya kazi, na makanisa mengi ya mjini yana ibada fupi ya asubuhi kwa watu wanaoelekea kazini. Hata Bwana mwenyewe, Marko 1:35 inasema, "alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko." Faida ya alfajiri ni wazi: hakuna anayekupigia simu saa kumi na moja.

Lakini alfajiri ina bei, na bei yake hulipwa usiku. Ukitaka kuamka saa kumi na moja na uwe umelala kwa muda wa saa saba kamili, basi lazima taa izimwe saa nne. Kama mechi, tamthilia au kazi za nyumbani zinakufikisha saa sita kila siku, usijidanganye. Utaamka siku nne kwa ari, ya tano utasinzia juu ya Zaburi, ya sita alamu utaizima ukiwa usingizini. Kwa mtu huyo tunashauri saa ya mchana kazini au dakika za kabla ya kulala, na asijione Mkristo wa daraja la pili. Bora Neno la saa saba mchana linalosomwa kuliko la alfajiri linalokusudiwa.

Ukichagua alfajiri, kuna mambo madogo yanayoamua kama utakaa macho. Usisalie kitandani. Ndani ya neti kuna joto na usingizi unakurudia kabla ya "Amina". Nawa uso kwa maji baridi, kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu sakafuni. Alamu iwe mbali na mkono, ukaizime kwa kusimama. Tochi au taa ya sola iwe tayari, maana umeme ukikatika siku ya tatu ya mpango wako, hiyo ndiyo sababu utakayoitumia kurudi kulala.

Muda? Dakika 15 hadi 20. Saa moja inavutia ukiisikia madhabahuni, ila kwa anayeanza ni mzigo. Dakika 20 kwa siku tano ni saa moja na dakika 40 kwa wiki, na huenda hiyo ni zaidi ya ulichokuwa unapata kwa mwezi.

3. Vitu vya kuandaa

Vitu vinne vinatosha: Biblia ya karatasi, daftari la kurasa 96, kalamu inayoandika, na kipande cha karatasi ngumu cha orodha ya sala. Viwekwe pamoja, mahali pamoja, kwenye kikapu au mfuko mmoja. Kutafuta kalamu dakika tatu kwenye muda wa dakika kumi na tano ni hasara ya asilimia 20.

Kwa nini Biblia ya karatasi wakati simu ina Biblia? Kwa sababu simu ina kila kitu kingine pia. Unaifungua kusoma Luka, unakuta ujumbe kumi na saba kwenye kundi la harusi. Kama simu ndiyo Biblia yako pekee, zima data kabla ya kulala na usiiwashe mpaka umalize.

Kuhusu tafsiri: Union Version ya mwaka 1952 ndiyo inayosomwa kwenye ibada nyingi za Kiprotestanti, na mistari tuliyoikariri ni ya humo. Kiswahili chake ni kizuri lakini kina mitego. Mstari ule wa Marko 1:35, ukiusoma mzima, unaanza na neno "Hata". Msomaji wa leo anaweza kudhani maana yake ni kama "hata mimi", kumbe hapo ni namna ya zamani ya kusema "basi ikawa". Neno "neno" mara nyingi humaanisha jambo. "Haja" ni mahitaji au maombi, ingawa leo wengi wakisikia haja huwaza choo. Biblia Habari Njema ina lugha nyepesi zaidi. Anayeweza kupata zote mbili asome Union kwanza, kisha pale palipokwama afungue Habari Njema. Mkatoliki ahakikishe Biblia yake ina vitabu 73; nyingi zinazouzwa madukani zina 66, na akitafuta Yoshua bin Sira au Wamakabayo hatawaona.

4. Usome nini

Agano Jipya lina sura 260. Gawanya kwa wiki 52 za mwaka: unapata sura 5 kwa wiki, bila baki. Hii ndiyo hesabu tunayoipendekeza kuliko zote. Sura moja Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi ya kufidia uliyokosa, Jumapili unasikiliza mahubiri. Kwa mwaka mmoja umemaliza Agano Jipya lote na hukuwahi kukimbia. Anza na Marko kwa sababu ni fupi, sura 16 tu, na mambo yake yanakwenda haraka; kisha Matendo, kisha Wafilipi. Baada ya hapo rudi Mathayo uende kwa mpangilio, ukiruka ulivyokwisha soma.

Biblia nzima yenye vitabu 66 ina sura 1,189, ambazo ni zaidi kidogo ya sura tatu kwa siku kwa mwaka. Mpango maarufu wa mchungaji Robert Murray M'Cheyne wa Dundee, Uskoti, aliouandaa mwaka 1842, ni wa sura nne hivi kwa siku: Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Ni mpango mzuri kwa aliyekwisha kuzoea. Usiuanze mwaka wa kwanza. Biblia nzima unaweza kuipa miaka mitatu, sura moja na kidogo kwa siku, na hakuna atakayekuuliza.

Zaburi ni 150; moja kwa siku ni miezi mitano. Mithali ina sura 31, kwa hiyo tarehe ya leo ndiyo sura ya leo: tarehe 12 unasoma Mithali 12. Hii inafaa sana kwa vijana, maana hakuna cha kukumbuka zaidi ya kalenda.

Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana wana kalenda ya masomo ya kanisa lao, nayo imeshatatua swali la "nisome wapi". Kwa Misa za Jumapili mzunguko ni wa miaka mitatu: mwaka A Mathayo, mwaka B Marko, mwaka C Luka, na mwaka wa Kanisa huanza Majilio, yaani majuma manne kabla ya Krismasi, si Januari. Wasabato wana lesoni, yaani masomo ya Biblia ya kila juma, na kesha la asubuhi, kitabu cha tafakari za kila siku. Kama kanisa lako lina mpango wake, ufuate huo kabla ya kutafuta wa mtandaoni. Ukisoma kinachosomwa na wenzako, Jumapili mtakuwa na la kuzungumza.

5. Dakika 20, moja baada ya nyingine

Katika karne ya 12 mtawa wa Kikartusi aitwaye Guigo aliandika juu ya ngazi ya hatua nne: kusoma, kutafakari, kusali, kutulia mbele za Mungu. Njia hiyo bado inatumika, na inaingia vizuri ndani ya dakika 20.

Dakika 2 za kwanza: nyamaza. Pumua taratibu. Ikija orodha ya mambo ya kufanya, na itakuja, iandike pembeni mwa daftari iache kukusumbua. Sema sentensi moja ya kumwomba Roho Mtakatifu akufungue.

Dakika 6: soma kifungu kwa sauti, hata ya kunong'ona, mara mbili. Sauti inapunguza mwendo na inazuia macho kuteleza. Kama sura ni ndefu, isome yote mara moja, halafu rudia mistari mitano hadi kumi iliyokushika.

Dakika 5: simama kwenye neno moja. Tuchukue Wafilipi 4:6: "Msijisumbue kwa neno lo lote; bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Uliza maswali ya kawaida. Nani anaandika? Paulo, akiwa kifungoni. Kwa hiyo "msijisumbue" haikuandikwa na mtu aliyestarehe. "Neno" hapa ni jambo, basi ni "katika kila jambo", hata dogo. Kushukuru kumewekwa pamoja na kuomba, hakukuachwa mpaka maombi yajibiwe. Na mwisho: haja "zijulikane na Mungu". Mimi haja zangu nimezijulisha kwa nani kwanza wiki hii?

Andika. Si insha, mistari mitatu tu:

*Jumanne. Flp 4:6.*
*"Katika kila neno" – kodi ya nyumba nayo ni neno.*
*Leo: nishukuru vitu vitatu kabla sijaitaja kodi. Saa saba nimpigie mwenye nyumba, nisimkwepe.*

Mstari wa tatu ndio wenye kazi. Uwe na tendo, na saa, na ikiwezekana jina la mtu. "Niwe na imani zaidi" si tendo. Jioni hutajua kama umelifanya.

Dakika 5 za sala: rudisha kwa Mungu ulichosoma, kwa maneno yako, kisha orodha ya siku. Dakika 2 za mwisho usiombe kitu. Kaa. Halafu chagua maneno machache ya kuondoka nayo, manne au matano, mfano "pamoja na kushukuru". Mstari mzima ni mrefu kuukumbuka ukiwa kwenye basi la mwendokasi umebanwa mlangoni.

Kabla ya kufunga Biblia, weka utepe kwenye sura ya kesho. Ni kazi ya sekunde tano, nayo ndiyo ile ya kuamua jana yake.

6. Orodha ya sala isiyogeuka rejesta

Kinachoharibu sala za kuombea wengine ni wingi. Unaahidi "nitakuombea" kwa kila mtu, orodha inafika majina 60, na sala inakuwa kama mwalimu anayeita mahudhurio. Gawanya karatasi yako safu saba, kila siku majina yasiyozidi matano. Jumatatu nyumba yako. Jumanne wazazi, wakwe na ndugu. Jumatano kazini, pamoja na yule bosi. Alhamisi wagonjwa na wafiwa. Ijumaa kanisa na watumishi wake. Jumamosi mtaa na nchi. Jumapili shukrani tupu, bila ombi.

Kila jina lipewe ombi moja linaloeleweka na tarehe. Linapojibiwa, piga mstari uandike tarehe ya pili. Lisipojibiwa kwa miezi mitatu, jiulize kama ombi lenyewe linapaswa kubadilika. Mtu akikuambia umwombee, mwombee hapo hapo, dakika moja. Ni salama kuliko ahadi.

7. Njiani, mchana na jioni

Msumari wa kwanza ukishakaa, labda baada ya wiki nne, ongeza wa pili. Safari ndiyo inayofaa zaidi. Kutoka Mbagala au Gongo la Mboto hadi katikati ya jiji la Dar es Salaam, au kutoka Rongai hadi mjini Nairobi, mtu anaweza kukaa garini saa nzima kila upande. Kusoma umesimama haiwezekani, na simu mkononi karibu na dirisha ni zawadi kwa wezi. Tumia masikio. Pakua Biblia ya sauti ya Kiswahili ukiwa na Wi-Fi, kwa kuwa kusikiliza moja kwa moja kunakula bando. Injili ya Marko nzima husikilizwa kwa kati ya saa moja na nusu na saa mbili, yaani safari mbili tu. Sikiliza kitabu kimoja mara tatu kabla ya kwenda kingine. Mara ya kwanza unapata hadithi, ya tatu unasikia ulichokuwa unakiruka. Sauti iwe ndogo kiasi cha kumsikia konda akitangaza kituo.

Mkatoliki ana rozari mfukoni. Matendo matano, yaani mafumbo ya maisha ya Yesu na Maria yanayotafakariwa, huchukua kama dakika 20: ya furaha Jumatatu na Jumamosi, ya uchungu Jumanne na Ijumaa, ya utukufu Jumatano na Jumapili, na ya mwanga, yaliyoongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, Alhamisi. Asiye na dakika 20 asali fungu moja, Salamu Maria kumi, dakika nne hivi.

Mchana, saa sita, simama dakika moja. Kengele ya Malaika wa Bwana, sala fupi ya Wakatoliki, ilikuwa na kazi hiyo. Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yaliagiza Baba Yetu isaliwe mara tatu kwa siku. Weka alamu isiyo na kelele, sali Baba Yetu taratibu, rudi kazini. Hakuna haja ya wenzako kujua.

Jioni, dakika 5 za kupitia siku kwa namna aliyofundisha Mtakatifu Ignasi wa Loyola: shukuru kwa jambo moja mahususi; omba mwanga wa kuiona siku ilivyokuwa; ipitie kuanzia asubuhi, saa kwa saa, ukitazama wapi ulisogea karibu na Mungu na wapi ulimkwepa; omba msamaha kwa jina la kosa lenyewe; taja jambo moja la kesho. Ukifika hapo unajua pia kama ule mstari wa tatu wa daftari ulitendeka. Usifanye zoezi hili ukiwa umelala chali. Utasinzia kabla hujafika saa nne asubuhi ya siku unayoipitia.

8. Nyumbani

Sala ya familia inashindwa kwa sababu mbili: urefu na mahubiri. Dakika 10 zinatosha, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili au mara tu baada ya chakula, kabla mdogo hajasinzia. Wimbo ubeti mmoja. Mistari mitano hadi minane, isomwe na mtoto, na akikosea msimchape kwa macho. Swali moja: "Umesikia nini?" Kila mtu ombi moja. Baba Yetu. Kwisha.

Kosa kubwa la wazazi ni kugeuza sala kuwa kikao cha nidhamu: "Ee Mungu, msaidie Baraka aache uvivu na aoshe vyombo." Baraka anajua anayesemwa na anajua si Mungu anayeambiwa. Akisikia hivyo mara tatu, sala ya jioni kwake ni adhabu. Vyombo visemwe jikoni. Zamu za kuongoza zizunguke, baba na mama wakiwa zamu kama wengine, na dada wa kazi naye akipenda aingie kwenye zamu.

9. Pamoja na wengine

Peke yako utadumu muda, si sana. Tafuta mtu mmoja, wa jinsia yako kama inawezekana, mkubaliane swali moja kila Ijumaa kwa ujumbe mfupi: "Wiki hii siku ngapi?" Jibu ni namba tu. "Mbili" ni jibu halali na halihitaji maelezo.

Walio kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wanaweza kutumia hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumwalika Bwana, kusoma, kila mmoja kutaja neno au fungu lililomgusa bila kulieleza, kimya, kushirikishana, kuamua kazi ya kufanya, kusali. Jumuiya nyingi huruka kimya, huharakisha ya sita, kisha nusu saa yote inaishia kwenye michango. Kimya kiwe dakika tatu kamili, mtu mmoja akishika saa.

Na makundi ya WhatsApp: mstari unaotumiwa na watu kila alfajiri ukiwa na picha ya waridi si kusoma Biblia. Ni salamu. Zipokee kama salamu, ujibu "Amina", uende kwenye kiti chako.

10. Yanayoharibika

Kukosa siku. Siku iliyopita hailipwi deni. Anayekosa Jumanne na Jumatano kisha Alhamisi akataka kusoma sura tatu ataikosa na Ijumaa. Soma sura ya leo tu. Jumamosi ipo kwa ajili ya hayo mengine.

Ukavu. Kutakuwa na wiki ambazo Neno ni kama majani makavu. Kabla ya kulaumu imani, angalia usingizi, ugonjwa, msiba ambao hukuulilia, au kosa unalolijua na hutaki kulitaja. Punguza kusoma, ongeza Zaburi, hasa za kulalamika kama 13, 42 na 88. Ukavu ukienda na kukosa hamu ya kula na ya kuishi, zungumza na mchungaji au padre, na umwone daktari pia.

Shughuli za kanisa. Hili halisemwi sana. Mwanakwaya mwenye mazoezi siku nne, mzee wa kanisa mwenye vikao vitatu, mhasibu wa jengo: wanaweza kukaa miezi bila kufungua Biblia kwa ajili yao wenyewe, na hakuna atakayegundua kwa sababu wanaonekana kila siku. Ukijikuta hapo, omba upunguziwe kamati moja. Kanisa halitaanguka.

Mikesha na kufunga. Mkesha wa Ijumaa unaokulaza Jumapili nzima umekula siku ya Bwana. Kufunga kuna faida yake, lakini wenye kisukari, vidonda vya tumbo, wajawazito na wanaomeza dawa zinazohitaji chakula wasifunge bila kumwuliza daktari. Wafunge televisheni au mitandao, na hiyo inaweza kuuma zaidi.

11. Wenye ratiba zisizofanana na za wengine

Muuguzi au mlinzi wa zamu ya usiku: msumari wako si saa bali tukio. "Baada ya kukabidhi zamu, kabla ya kupanda gari" ni bora kuliko "saa kumi na mbili". Dereva wa bodaboda: Agano Jipya dogo kwenye mfuko wa koti, usome kijiweni ukisubiri abiria, ukubali kukatizwa katikati ya mstari, kalamu iweke alama ulipoishia. Mfanyakazi wa nyumbani aliyeko Doha au Kuwait: makanisa mengi ya huko hufanya ibada zao kubwa Ijumaa, siku ya mapumziko, basi usisubiri Jumapili, na kama hupewi siku ya kutoka, dakika 15 za chumbani na Biblia ya sauti ndizo kanisa lako kwa sasa.

Mama mwenye kichanga asahau dakika 20. Zaburi za kupanda mlima, 120 hadi 134, ni 15 na nyingi ni fupi. Moja wakati wa kunyonyesha usiku, basi, na ukiimaliza ya 134 unarudi ya 120. Usiku ukiwa mgumu sana, iko Zaburi ya 117. Ina mistari miwili.